Mbegu za Minnesota na maigoya ya Kiambu

Swali: Habari mwalimu. Nakaa Utawala, ploti ya 50 kwa 100, na udongo wetu ni ule mweusi. Nyuma ya nyumba nimepanda nyanya na sukuma, na kuna mche mmoja wa pasheni umepanda ukuta. Unatoa maua mengi lakini yote huanguka bila kushika tunda. Nikaambiwa shida ni nyuki. Kwenye mtandao wanashauri upande maua ya asili ya mwituni, yale marefu yenye suke la zambarau, ati hudumu miaka mingi na huita nyuki na vipepeo. Dada yangu anayeishi Minnesota, Marekani, akanibebea pakiti mbili za mbegu zinazoitwa Liatris. Mama mkwe wangu wa Kiambu alipoona picha alicheka, akasema nipande maigoya. Sijui kama alikuwa ananitania. Nizipande lini hizo mbegu, na je, watoto wangu wawili hawataumwa na nyuki?

Jibu: Mama, mkwe wako hakuwa akikutania. Pengine alicheka, ndiyo, lakini alichokuambia ndicho ambacho ningekuambia mimi. Kama una haraka, acha kusoma hapa umpigie simu akukatie vipande. Kama una dakika kumi, keti nikueleze kwa nini.

Kilichokuvuta ni hilo neno "asili". Ushauri uliousoma ni mzuri, ila uliandikwa na mtu wa huko kwa ajili ya jirani yake wa huko. Liatris ni ukoo wa mimea kama 40 hivi, na kwao ni Amerika Kaskazini, hasa kwenye mbuga za nyasi za katikati na mashariki. Huko ni wenyeji haswa. Vipepeo wa monaki, wale wa rangi ya chungwa wanaosafiri hadi Mexico, huishukia kwa wingi kabla ya safari. Suke lake lina tabia moja ya ajabu: huchanua kuanzia juu kwenda chini, kinyume na masuke mengi unayoyajua. Mmea mzuri sana. Lakini ukiuleta Utawala, unakuwa mgeni kama jakaranda, ambayo kila mwezi wa kumi hugeuza Nairobi nzima zambarau na watu wakadhani ni mti wetu, ilhali kwao ni Amerika Kusini.

Halafu kuna suala la baridi. Mbegu ya Liatris imezoea kulala ardhini majira yote ya theluji. Isipopata wiki kadhaa za baridi na unyevu, huota chache tu, tena kwa kusuasua. Unaweza kuidanganya kwa kuifunga ndani ya kitambaa chenye unyevu na kuiweka kwenye friji, watu hufanya hivyo. Lakini hata ikiota, kuna saa ya jua ambayo huwezi kuiweka kwenye friji. Kule kwa dada yako, mchana wa mwezi wa sita hupita saa 15, na ule wa Desemba haufiki saa 9. Mmea wa huko husoma mabadiliko hayo kama sisi tunavyosoma kalenda. Hapa Nairobi tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki robo saa. Mmea unangoja ishara isiyokuja.

Nasema hivi kwa sababu nimelipia somo hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua viazi vya Liatris, vile vidogo vya mviringo, kutoka duka moja la miche hapa mjini. Msimu wa kwanza vilitoa masuke yaliyonifanya niite majirani waje waone. Sikujua kwamba vilikuwa vimeshawekwa kwenye chumba cha baridi kabla ya kuuzwa. Msimu wa pili nikapata majani. Wa tatu, majani machache zaidi. Wa nne nikapanda dania pale.

Jambo jingine kuhusu hizo pakiti, nalo si dogo. Mbegu haziingii Kenya kwenye mkoba wa mgeni hivi hivi. Sheria inataka kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kiombwe kabla mbegu hazijasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Najua dada yako alifanya kwa upendo. Lakini usizipande, wala usizitupe kwenye takataka zikaota jalalani. Zipeleke KEPHIS uwaeleze zilivyokufikia. Wana ofisi hata pale uwanja wa ndege wa JKIA, ambao kwako ni karibu.

Ukiona nakaza kamba sana, kumbuka gugu maji. Litazame kwa makini siku moja: ni mmea wa kudumu, una suke la zambarau, na ua la juu lina doa la manjano kama jicho la tausi. Lilitoka Amerika Kusini likasambazwa duniani na watu waliolipenda kwa uzuri wake kwenye vidimbwi. Leo muulize mvuvi wa Ziwa Victoria analionaje. Wala usiende mbali, bwawa la Nairobi Dam kando ya Kibera, lililojengwa 1953 na ambapo watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga, lilifunikwa na gugu hilo hadi ukawa huoni maji. Simaanishi kwamba Liatris ingefanya hivyo. Namaanisha kwamba uzuri wa suke haukuambii lolote kuhusu tabia ya mmea ukiwa ugenini.

Sasa maigoya.

Kwa wasomaji ambao hawakukulia upande wa Kiambu, Murang'a au Nyeri: maigoya ni kile kichaka chenye majani mapana, mazito, yenye manyoya laini kama blanketi la mtoto, kinachopandwa kuwa ua wa boma. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Coleus barbatus. Vitabu vya zamani kidogo vinauita Plectranthus barbatus, ni mmea uleule. Majani yake hutandikwa na kufunikiwa ndizi ziive. Na, tuseme ukweli, ndiyo karatasi ya chooni waliyotumia wazee wetu kabla ya karatasi yenyewe kufika, na wengi wetu tuliosoma shule za vijijini tunayajua majani hayo kwa njia hiyo. Ndiyo maana mkwe wako alicheka. Ndiyo maana pia huwezi kuyapata kwenye vitalu vya kando ya barabara, si Ngong Road, si Kiambu Road. Nimeuliza mara nyingi. Muuza miche mmoja aliniangalia kana kwamba nimemuulizia bei ya magugu, kisha akanionyesha mimea ya Brazil.

Lakini subiri kichaka hicho kichanue. Kila ncha ya tawi husimamisha suke la urefu wa kiganja au zaidi, la buluu inayoelekea zambarau iliyokolea. Hili, tofauti na Liatris, huchanua kuanzia chini: maua ya chini yanapodondoka, yale ya kati yamefunguka na ya juu bado ni vifundo vya kijani vyenye manyoya. Ndiyo maana suke moja hudumu kwa muda mrefu bila kuisha lote siku moja.

Chukua ua moja mkononi. Lina urefu wa kama sentimita 2 na midomo miwili. Wa juu ni mfupi, umesimama wima. Wa chini ni mrefu na umekunjwa kama mtumbwi, na ndani ya mtumbwi huo zimelala nyuzi nne zenye chavua pamoja na ule uzi mmoja unaopokea chavua. Bonyeza mtumbwi kwa ncha ya kidole. Utashuka, na nyuzi zitachomoza na kukugusa. Achilia, unarudi mahali pake. Kidole chako kimefanya kazi ya nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, ambaye wengine humwita nyuki seremala. Akitua, uzito wake unashusha mtumbwi, chavua inampaka tumboni, naye anaibeba hadi ua linalofuata. Nyuki wadogo wa asali huja pia, ila kwao mlango huu ni mzito kidogo. Wao hupitapita pembeni.

Umesoma kwenye mtandao kuhusu wale nyuki wanene wenye manyoya ambao Wazungu huwaita "bombasi". Usiwangoje. Afrika kusini ya Sahara hawapo kiasili. Kazi yao hapa hufanywa na huyu mkubwa mweusi na jamaa zake. Yuko mwenye mikanda ya manjano au meupe mgongoni, yuko mwenye kifua cha rangi ya kutu. Pamoja nao kuna nyuki mdogo mwenye pete za buluu tumboni anayepaa kwa kasi na kusimama hewani kama helikopta. Hawa wawili, mweusi na huyu wa pete, ndio unaowahitaji kwenye nyanya. Ua la nyanya hufungia chavua ndani ya mirija yenye matundu madogo kwenye ncha. Nyuki wa asali hawezi kuitoa vizuri. Hawa wengine hulikumbatia ua, huacha mabawa yatulie, kisha hutetemesha misuli ya kifua hadi chavua imwagike kama chumvi kwenye kopo. Ukiwa karibu utasikia sauti, mvumo mkali unaokatika ghafla. Biringanya ni hivyohivyo.

Kupanda maigoya ni rahisi hadi inatia aibu. Hakuna haja ya mbegu. Unakata kipande cha tawi lililokomaa nusu, si lile laini la kijani wala lile kuukuu lenye magome, urefu kama sentimita 25, chenye vifundo vitatu au vinne. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo mawili yakate nusu ili yasipoteze maji. Kiache kivulini nusu siku kidonda kikauke. Kisha zamisha vifundo viwili ardhini. Mwagilia kidogo kila siku ya pili. Kwa kawaida ndani ya wiki tatu kimeshika. Utajua kwa sababu kitatoa majani mapya madogo kwapani mwa yale uliyoyakata.

Shida yako si mmea, ni huo udongo. Mkwe wako ana udongo mwekundu unaomeza maji na kuyapitisha. Wako wa Utawala ukinyeshewa unavimba na kufunga kama plastiki, ukikauka unapasuka nyufa ambazo simu inaweza kutumbukia. Maigoya huvumilia ukame kwa sababu majani na mashina yake yana maji mengi, lakini haivumilii kusimama ndani ya maji. Hapa pia nina aibu ya kukuhadithia. Mara ya kwanza nilipopanda kwenye udongo mweusi, kwa rafiki yangu upande wa Mlolongo, nilipanda vipande 40 tambarare, mstari ulionyooka kwa kamba, mwisho wa mwezi wa kumi. Nilijisifu. Mvua ya Novemba ilikuja ikatuama siku tatu. Nilirudi nikakuta vipande 31 vimegeuka uji mweusi kuanzia chini.

Kwa hiyo fanya tuta. Inua angalau sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi, upana wa mita moja hivi. Najua majirani zako hununua lori la udongo mwekundu, na ukiweza kugawana lori na mtu, vizuri. Lakini usiumwage tu juu ya ule mweusi kama siagi juu ya mkate, maana maji yatafika mpakani yasimame na mizizi itaoza palepale. Kwanza lima ule mweusi ukiwa na unyevu wa kiasi, si mkavu wala si tope, changanya na samadi iliyooza vizuri na kokoto ndogo, kisha ndipo uongeze mwekundu ukichanganya tena. Chimba mfereji pembeni mwa tuta uelekee mahali maji yanakoweza kwenda, na mahali hapo pasiwe kwa jirani. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya kipande na kipande. Ukitaka uwe ua mnene kama wa Kiambu, sogeza hadi 40.

Panda masika yanapoanza, mwezi wa tatu katikati au mwisho, baada ya mvua ya pili ya maana. Ile ya kwanza mara nyingi hutudanganya. Ukikosa hapo ngoja mvua ya vuli. Ukiwa na tuta nzuri na maji ya mgao unaweza kupanda hata katikati ya misimu hiyo, ila epuka Julai: Nairobi huwa na baridi na mawingu, na vipande hukaa tu bila kuamua.

Ukishaota, kazi yako kubwa ni mkasi, au panga kama mkono wako ni mwepesi. Maigoya isipokatwa hurefuka kupita kichwa chako, ikawa miti mitupu chini na majani juu, kama kuku aliyenyonyolewa miguu. Masuke yakishaisha, kata matawi kwa nusu. Ila usikate kichaka chote siku moja. Kata kimoja, ruka kimoja, rudi baada ya wiki sita kwa vile ulivyoruka. Hivyo nyuki hawakosi mezani. Na vile ulivyokata ni vipandikizi vya bure. Baada ya mwaka utaanza kuwagawia watu hata wasiotaka.

Kabla hujaniuliza kama nao hausumbui: hapa kwetu sijaona ukivamia mahali. Afrika Kusini, ambako ulipelekwa kama pambo, umeingizwa kwenye orodha ya mimea vamizi. Ndiyo hadithi ileile ya Liatris ukiisoma kutoka upande wa pili, mwenyeji wa Limuru ni msumbufu wa Durban. Na mtu akikuambia uchemshe mizizi upungue unene, mwache aendelee na safari yake. Ni kweli mmea huu una dawa inayoitwa foskolini, na wanasayansi wameifanyia kazi miaka mingi, lakini inagusa moyo na shinikizo la damu, na sufuria yako haina kipimo.

Usipande maigoya peke yake. Mimea mingine ya hapa yenye masuke nitaitaja kwa ufupi maana ploti yako ina mwisho. Maigoya ina ndugu mfupi, Coleus caninus, anayependa mawe na ukame. Mweke ukingoni mwa tuta, na usishangae ukimkanyaga ukasikia harufu kali. Mrehani wa kafuri, Ocimum kilimandscharicum, ule unaolimwa kandokando ya msitu wa Kakamega kutengeneza dawa ya kuchua, una masuke meupe yenye zambarau hafifu. Kwa rangi hautakuridhisha, lakini nyuki wa asali huung'ang'ania tangu asubuhi hadi jua linapozama. Tabia yake ni ya kivumbasi unachokijua, ila huu hudumu miaka. Salvia nilotica ni ya nyasi za nyanda za juu zenye baridi. Ningekuwa Limuru ningekuambia upande, kwa Utawala nina shaka. Na Acanthus eminens, yenye suke la zambarau zito kuliko yote na miiba ya kutisha, ni ya kivuli cha msitu wenye unyevu. Uipende kwa macho tu. Ukitaka ndege pia, weka Leonotis mmoja au miwili. Ni ya rangi ya chungwa, si zambarau, lakini maua yake yamejipanga kwa vishada kwenye shina kama ghorofa, na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, watashinda hapo wakigombana.

Usiende kuchimba mimea Karura wala Ngong. Ni kosa kisheria kuchukua mimea msituni bila idhini, na mara nyingi uliochimbwa hufa. Ukiona mmea usioujua jina, piga picha ua, jani na shina, au ukaulizie pale Makumbusho ya Taifa, ambako ndiko iliko hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki. Hifadhi hiyo ilianzia Amani, Tanganyika, 1902, ikahamia Nairobi 1950.

Kuhusu watoto. Nyuki aliye kwenye ua yuko kazini, hana ugomvi. Yule mkubwa mweusi hutisha kwa sauti, lakini dume lake halina mwiba kabisa, na jike hukuuma tu ukimshika au ukimkanyaga. Wa asali huuma akilinda mzinga, kwa hiyo la kuchunga ni kundi lisije likahamia kwenye dari lako. Likihamia, mwite mfugaji nyuki, usiwashe moto. Tuta liwe mbali na mlango wa jikoni na mbali na wanapochezea mpira. Wafundishe kutazama mikono ikiwa nyuma. Wangu walijifunza hivyo, na kuumwa waliumwa mara moja moja, kama watoto wote. Mtoto akiumwa kisha akavimba midomo au akahema kwa shida, hapo ni hospitali mara moja, si kitunguu wala mate.

Nyuki wakubwa wasipopata nyumba watatoboa nguzo zako. Wape nyumba yao. Tafuta mlingoti mkavu wa mkonge, ule unaobaki baada ya mkonge kuchanua, ukate vipande vya mita moja na uvifunge kwa waya kwenye uzio mahali pasiponyeshewa, vikilala. Ni laini ndani, wanaupenda kuliko mbao ya fundi. Yule mdogo wa pete za buluu hulala ardhini na kwenye kuta za udongo, kwa hiyo acha kipande kidogo cha ardhi bila matandazo na bila simenti. Nairobi tunapenda sana kufunika kila kitu kwa simenti.

Dawa za kunyunyizia nyanya ndizo zitakazoharibu yote haya. Kama lazima unyunyize, nyunyiza jioni nyuki wakishalala, usiguse maua, na usome karatasi kuona dawa yenyewe ni nini. Imidakloprid na ndugu zake wawili, klothianidin na thiamethoksam, zilipigwa marufuku mashambani katika Umoja wa Ulaya mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Zile huingia ndani ya mmea hadi kwenye chavua, kwa hiyo hata kunyunyiza jioni hakusaidii.

Nimeiacha pasheni mwisho kwa sababu nadhani nyuki si shida yako yote. Miche mingi ya pasheni inayouzwa hapa imeunganishwa: juu ni ile ya zambarau, chini ni shina la ile ya manjano kwa sababu linastahimili ugonjwa wa kunyauka. Ikitokea sehemu ya juu imekufa, shina la chini huchipua na kutawala, na mwenye nyumba haoni tofauti. Ile ya zambarau hujichavusha yenyewe bila shida. Ya manjano haikubali chavua yake mwenyewe, hata ukileta nyuki wa Kenya nzima. Nenda ukaitazame. Kama vile vikamba inavyojishikia navyo vina wekundu, na maua hufunguka mchana badala ya alfajiri, basi unayo ya manjano, iko peke yake. Tafuta mche wa pili, usiwe kipandikizi kutoka kwa huo huo, uupande karibu. Wakati ukingoja ukue, omba jirani mwenye pasheni akupe maua mawili matatu yaliyofunguka, uyapake kwenye yako kwa mkono alasiri. Tunda likishika utaona kitovu cha ua kinavimba ndani ya siku chache.

Sasa mpigie mkwe wako. Mwombe akate matawi yasiyo na suke, asubuhi, na ayafunge kwenye gunia lililoloanishwa, si mfuko wa plastiki, maana ndani ya matatu ya Thika Road jua la mchana litayapika. Mwambie akukatie 30, ingawa unahitaji 20. Ukishapanda, siku tatu za kwanza yatalala kama yamekufa. Usiyang'oe.